Karani Ale Kikavu

Bofu, Likoni
9 Januari 1962

Mdogo wangu Mastura,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapotaka kumbadilishia paka chakula ni kumbadilishia kwa siku moja. Neno hili nimelitanguliza mbele ya salamu makusudi, kwa kuwa nakujua: ukishaona "u hali gani" huikunja barua ukairudia wiki ya pili. Sasa pokea salamu zako. Mimi ni mzima, ila magoti. Nakuombea uzima wewe na nyumba, na marahaba kwa shikamoo uliyompa jirani yangu Jefwa aniletee.

Jefwa ameniletea na habari nyingine. Anasema alipopita kwako akitoka kazini Kipevu, alimwona paka wako Karani akipanda barazani, naye akapumzika katikati ya vidaraja viwili vya ngazi kama mzee aliyebeba gunia. Jefwa alicheka. Mimi sikucheka. Kiberiti alianza hivyo hivyo: kwanza unene, kisha uvivu, kisha siku moja akachutama nyuma ya jiko mkojo usitoke, na kesho yake ukamfukia chini ya mpapai. Mama alikuachia nyumba ya Magongo na paka wawili. Sasa umebaki na mmoja, na tangu Kiberiti afe najua jioni unazungumza na nani. Ndiyo sababu naandika kwa urefu.

Wali wa nazi humnenepesha paka bila kumpa nguvu, kwa sababu paka kaumbiwa nyama na samaki, hakuumbiwa mchele. Mchuzi una chumvi na pilipili. Tena chakula cha majimaji, kwa joto la Changamwe, huchacha sahanini kabla hajarudi kukimalizia. Nilishika wanyama wa watu idara ya mifugo nusu ya umri wangu, na haya niliyaona kwa macho.

Mkebe alioubeba Jefwa una vidonge nilivyotengeneza mwenyewe: dagaa waliokaushwa juani bila chumvi, wakatwangwa, maini, yai, na unga wa mtama kidogo wa kushikamanisha. Nimevikausha katika tanuri la mikate ya mofa hadi vikawa vigumu kama kokoto. Wiki ya kwanza, chakula chake cha zamani kiwe kingi na hiki kiwe kidogo. Wiki ya pili, nusu kwa nusu. Wiki ya tatu, hiki ndicho kiwe kingi. Usimtie njaa ili akubali; paka mnene akishinda na njaa siku nyingi, ini lake huharibika. Na maji yawepo.

Kaka yako,
Mwidani


Magongo, Changamwe
15 Januari 1962

Kaka Mwidani,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya hayo magoti. Sisi tu wazima. Nasema sisi kwa maana ya mimi na huyo unayemwita mgonjwa.

Mkebe nimeupata. Nilipoufungua, Bi Mwanabibi wa nyumba ya pili alikuwa amekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Akachungulia. "Mwidani anajenga?" akaniuliza. "Naona kakuletea kokoto za msingi." Nikamwambia ni chakula cha Karani. Akashika kifua: "Kikavu hivyo? Bila kitoweo? Mastura, paka wa marehemu!"

Wallahi, kaka, niliona haya. Wajua mwenyewe kwamba mama hakumpa hata mwombaji wa mlangoni wali mkavu; kama hapana mchuzi, alimtafutia japo tui la kumwagia. Basi nikafanya kama ulivyosema, wali upande huu na vidonge vyako upande huu, ila vidonge nikavitia tui zito kidogo, la kuvilainisha tu. Alikula vyote, akalamba sahani, akanitazama kama mtu anayeuliza kama kuna vingine. Nikaona wiki tatu zako za nini? Tangu siku ya pili nampa vidonge na tui peke yake. Ila tumbo limemwendesha, ameuharibu mkeka wa mama, ule wa ukindu wa rangi.

Na hayo maji, usinichekeshe. Tangu Karani aingie nyumba hii akiwa kitoto simjui kunywa maji. Maji yake ni mchuzi.

Huku watu wabishana asubuhi na jioni kama mwambao uwe na serikali yake au uende na bara. Wote wana haraka ya kubadilisha dunia. Sikudhani kaka yangu angeanzia kwa paka.

Nduguyo,
Mastura


Bofu, Likoni
18 Januari 1962

Mastura mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia u mzima, na nimesikitika kwa mkeka. Sasa nisikilize polepole, kama nami ninavyojitahidi kuandika polepole.

Ukitia tui katika chakula kikavu, nazi umeifukuza mlango wa mbele ukaikaribisha kwa mlango wa uani. Tui zito ni mafuta. Likikaa tangu asubuhi, adhuhuri limechacha. Paka huyo ameendeshwa tumbo na ukarimu wako, vidonge vimesingiziwa tu. Kadhalika umembadilishia kwa siku moja, jambo ambalo lilikuwa sentensi ya kwanza ya barua yangu. Niliiweka kabla ya salamu! Ningeiweka wapi tena, juu ya bahasha?

Najua aibu ya kikavu. Mtu ukimwekea wali mtupu umemwambia hukumtarajia. Lakini Karani hakuja kutupima heshima zetu. Hana meno ya kutafuna mfupa tena, na kile kigumu humsugua meno yaliyobaki. Akiwekewa kikavu hajatukanwa.

Anza upya. Wali kidogo na samaki wa kuchemsha bila chumvi, na vidonge vichache pembeni, vikavu. Bi Mwanabibi akija, funika sahani.

Kuhusu serikali: hiyo hubadilishwa na watu wanaotaka ibadilike. Karani hataki. Ndiyo maana kazi yangu ni ngumu kuliko yao.

Kaka yako,
Mwidani


Magongo, Changamwe
1 Februari 1962

Kaka,

Shikamoo. Natumai umande wa alfajiri haukuyaumiza magoti. Mimi niko salama, namshukuru Mungu, nanunua nazi zangu za Ramadhani mapema kabla bei haijapanda.

Leo unipongeze. Karani anakula kikavu. Kikavu kabisa, bila tone. Anatafuna kwa kelele kama mtu anayetembea juu ya changarawe, hata Florence wa nyumba ya nyuma aliuliza ni nani anavunja kuni ndani. Nilifuata utaratibu wako wote, ila wiki zako tatu zimetosha mbili, maana alikubali upesi. Asubuhi namwekea kiasi cha kiganja, na jioni kiasi hicho hicho.

Ila kuna jambo moja silielewi, na nakuandikia kwa shingo upande maana najua utaniona nimefanya langu. Hajapungua. Nadhani ameongezeka. Jana aliingia chini ya kabati akashindwa kutoka, ikabidi nimwite mume wa Florence alinyanyue. Mungu ni shahidi yangu, simpi kitu kingine. Labda kokoto zako ndizo zinazomnenepesha.

Nduguyo,
Mastura


Bofu, Likoni
4 Februari 1962

Mastura,

Salamu, na hongera kwa kweli. Usidhani sioni kazi uliyoifanya.

Lakini viganja viwili vya chakula kile haviwezi kumnenepesha hata panya. Mwili haujitungii mafuta kwa hewa. Kosa jingine la watu wenye paka ni kudhani paka ana nyumba moja. Sisi ndio tunaosema "paka wangu". Yeye hasemi "watu wangu", husema "milango yangu".

Niambie, jioni baada ya kula kwako huenda wapi? Mfuate. Usimwite wala usimkemee, mfuate tu. Ramadhani ndiyo hii inaingia, na kila nyumba itakuwa na futari. Nina hofu, mdogo wangu. Wakati Kiberiti anaumwa nililetewa habari baada ya maziko. Safari hii niambie mapema.

Ramadhani njema kwako.

Kaka yako,
Mwidani


Magongo, Changamwe
17 Februari 1962

Kaka Mwidani,

Shikamoo, na saumu yako ikubaliwe. Mimi nafunga, siumwi, lakini moyo wangu hauko mahali pake.

Nimemfuata. Juzi Alhamisi, baada ya kufuturu, alikula kiganja chake kama mtu anayelipa kodi, akashuka barazani. Nikajitanda nikatoka nyuma yake.

Aliingia kwanza kwa Bi Mwanabibi, bila hodi. Bi Mwanabibi alikuwa amemwekea sahani yake, Kaka, sahani ya udongo yenye ua, na ndani yake papa mkavu na muhogo wa nazi. Anamwita Mjukuu. "Mjukuu, karibu, leo umechelewa." Nikasimama mlangoni nikasema, "Shoga, huyu paka mgonjwa, wampa papa wa chumvi?" Hakushtuka hata kidogo. Akanambia, "Mimi simpi paka. Natoa sadaka ya mama yako. Kila jioni ya kuamkia Ijumaa namtolea mama yako, na hii Ramadhani namtolea kila siku. Nimpe nani aliye karibu naye zaidi ya huyu aliyekuwa akilala miguuni pake?"

Nikarudi nje nikamngoja Karani amalize.

Akatoka hapo akaenda kwa Florence. Kule anaitwa Bwana Mkubwa. Florence ni Mkristo, watu wake wa Rabai, lakini alikuwa amemwekea wali na mchuzi wa samaki karibu na mlango. Aliponiona aliona haya. Akasema, "Dada Mastura, mama yenu ndiye aliyenifundisha kupika nilipokuja kuolewa hapa sijui hata kuchuja tui. Nilisikia kina Bi Mwanabibi wanamtolea, nami nikaanza. Nikitoa mimi, yanamfikia au hayamfikii?"

Tena zipo nyumba nyingine, nimeacha kuhesabu. Nilirudi nikalia, na Karani akarudi nyuma yangu tumbo likimtangulia.

Mama hajamaliza miaka miwili kaburini na mtaa mzima unamkumbuka kila jioni. Wewe wataka niende mlango kwa mlango niwaambie waache? Mimi siwezi. Usilete mkebe mwingine. Kama ni kufa, afe ameshiba sadaka ya mama.

Nduguyo,
Mastura


Bofu, Likoni
20 Februari 1962

Mastura,

Salamu. Nimeisoma barua yako mara nyingi ili nisiijibu kwa hasira, na bado nina hasira.

Sadaka gani ya papa wa chumvi kwa kiumbe mgonjwa? Mama alikuwa mtu wa huruma. Hawezi kufurahi huko aliko kwa kuwa mnamuua paka wake kwa jina lake. Nimeeleza tangu Januari. Nimeeleza nazi, nimeeleza tui, nimeeleza ini na meno. Jefwa amechoka kubeba mikebe na mimi nimechoka kutwanga dagaa. Kila ninachojenga asubuhi, mtaa wenu unakibomoa kwa upawa jioni.

Unaniambia huwezi kuwakataza. Haya, usiwakataze. Mfungie ndani. Mlango mmoja, komeo moja, vidonge peke yake, mpaka Idi. Ukimpenda utafanya hivyo. Usipofanya, usiniletee habari ya kaburi la pili chini ya mpapai.

Mwidani


Magongo, Changamwe
5 Machi 1962

Kaka,

Shikamoo. Sitauliza hali yako, sina nafasi, Jefwa amesimama mlangoni na ameomba ruhusa kazini.

Nimekutii. Tangu ilipofika barua yako nimemfungia, hajaonja tone la mchuzi wa mtu. Bi Mwanabibi alikuja akaambiwa hapana, akaondoka, na tangu siku hiyo salamu yangu haiitikii. Florence hupita njia ya nyuma. Mtaani wanasema nimemfunga mama. Yote nimeyavumilia, na Karani amepungua kweli, mgongo umeanza kuonekana.

Tangu jana jioni anachutama kwenye mchanga wake hapati kitu. Anachutama tena. Analia kwa sauti ile ile ya Kiberiti. Nimemgusa tumbo, chini pamekuwa pagumu kama ndimu.

Ulisema nikuambie mapema. Haya nimekuambia. Umeshinda, kaka. Kama hutaki kuja kumtibu, njoo tumzike pamoja, maana sitaki kumzika peke yangu.

Mastura


Bofu, Likoni
Alhamisi, 15 Machi 1962

Mdogo wangu Mastura,

Salamu nyingi baada ya Idi, kwako na kwa mlango wa Bi Mwanabibi na kwa mlango wa Florence. Jefwa amenifikishia ujumbe wako wa mdomo, kwamba Karani anakojoa "kama bomba la barabarani lililokatika". Nilimwomba aurudie. Nimemwomba aurudie na leo.

Magoti yamenikumbusha ile safari kila hatua. Siku ile nilipopanda feri na barua yako mkononi nilikuwa na maneno mengi ya kukwambia. Yaliisha yote nilipoingia ukanipa Karani mapajani, na Bi Mwanabibi, aliyekuwa hakuitikii salamu, akaja mwenyewe kushika miguu ya nyuma, na Florence akaleta kitambaa cha maji moto bila kuambiwa. Changarawe iliyotoka katika njia ya mkojo, baada ya kumkanda, ilikuwa ndogo kuliko punje ya mtama. Mtu hawezi kuamini kitu kidogo hivyo kinaweza kuua. Tuliwahi; angekaa hadi usiku, nisingekuwa na la kufanya.

Wakumbuka nilichouliza baada ya hapo. Niliuliza, "Maji yake yako wapi?" Mkatazamana nyinyi watatu. Ukaniletea bakuli kutoka nyuma ya mtungi, kavu, na ndani yake mende aliyekufa. Nikauliza lilijazwa lini. Ukanijibu, "Kaka, huu si mwezi wa Ramadhani? Mchana nani aliyegusa kata humu ndani?" Bi Mwanabibi akasema, "Kweli, sote tumefunga," na Florence, ambaye hakuwa amefunga, akaangalia chini asicheke. Mimi sikujua nicheke au nivunje lile bakuli. Nyumba nzima imefunika mtungi alfajiri hadi magharibi, na hakuna aliyemuuliza Karani kama amenuia.

Sasa nikueleze, halafu nitanyamaza. Chakula kikavu ni chema kwake, bado nasema hivyo. Lakini mwenye kula kikavu hana budi kunywa. Zamani mchuzi wa watu ulimnenepesha, na mchuzi huo huo ulimpa maji. Nilipokuamuru ufunge mlango niliizuia chumvi, na pamoja nayo nikalizuia kila tone alilokuwa akilipata. Neno la maji nililiandika mara moja tu, mwisho wa barua ya kwanza, kama mtu anayesahau kofia. Ulipolifanyia mzaha sikulishikilia. Nilikuwa nimeshughulika na tui.

Nimekaa nikifikiri habari ya sadaka. Nilikuandikia kwa ukali, nawe hukuwa mkosa katika hilo wala wao hawakuwa wakosa. Yupo sahaba aliyefiwa na mama yake, akamwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamuuliza ni sadaka gani iliyo bora amtolee. Akajibiwa: maji. Tulilisoma chuoni tukiwa watoto, wewe ukiwa unasinzia mgongoni kwangu. Miezi yote hii nimekuwa nikitafuta njia ya kuuzuia mkono wa mtaa, na jibu lilikuwa kwamba mkono usizuiliwe, ugeuzwe kidogo tu.

Basi mfungulie Karani mlango. Aende milango yake yote, kwa Bi Mwanabibi aitwe Mjukuu na kwa Florence aitwe Bwana Mkubwa. Ale kikavu kwako. Kwao anywe. Yule aliyezoea kumwekea papa amwekee maji katika sahani ile ile yenye ua, nia iwe ile ile. Na Florence akiuliza tena kama yanamfikia mama, mwambie kaka yako anasema maji hayaulizi yametoka nyumba ya nani.

Wengine watasahau na kumtupia mkia wa samaki. Najua. Nitakasirika, nitaandika, na Jefwa atabeba. Lakini wewe usianze kwa kuwahubiria. Wakiona bakuli lako kizingitini watauliza lenyewe ni la nini, nawe utawajibu.

Nimempa Jefwa barua hii aipeleke kabla hajaingia kazini, ikufikie mapema, kwa kuwa ni Alhamisi na jioni watapika kwa ajili ya mama. Leo, kabla ya adhuhuri, osha bakuli lile, lijaze maji, uliweke mlangoni.

Kaka yako,
Mwidani